Ukiwekwa kwenye Orodha ya Kusubiri ya Uzamivu: Ushauri kwa Wadogo Zangu wa Lubumbashi

Kila mwaka, kati ya Februari na Aprili, vijana waliomaliza masomo hapa Lubumbashi, Kongo, hunijia wakiwa na barua pepe isiyosema ndiyo wala hapana. Chuo cha Marekani kimewaandikia kwamba maombi yao ya uzamivu ni mazuri, ila nafasi zimejaa, na kwa hiyo majina yao yamewekwa kwenye orodha ya kusubiri. Mara nyingi huwa wana barua ya pili mkononi, inayowapa nafasi ya shahada ya uzamili katika chuo kingine au katika idara ileile. Wananiuliza kama wangoje au wakubali uzamili. Wadogo zangu mnaoingia katika njia hii kwa mara ya kwanza, nawaandikia kwa sababu nimewaona wenzenu wenye akili nyingi wakiamua jambo hili kwa aibu au kwa haraka, ilhali linahitaji hesabu.

Ni vizuri kuelewa kwanza orodha hiyo inavyokwenda. Mwanafunzi wa uzamivu nchini Marekani kwa kawaida husamehewa ada na hulipwa posho, ama kwa kusaidia kufundisha, ama kwa kufanya utafiti katika maabara ya profesa, na kwa hiyo idara haiwezi kupokea watu kupita fedha ilizo nazo. Walioalikwa kwanza huwa wamealikwa pia na vyuo vingine, na nafasi wanazoziacha ndizo zinazowafikia walio kwenye orodha. Tarehe ya kushika ni 15 Aprili, kwa kuwa vyuo vingi vya huko vimetia sahihi makubaliano ya Council of Graduate Schools, muungano wa vyuo vinavyotoa shahada za juu, kwamba mwombaji aliyepewa ofa yenye fedha asilazimishwe kujibu kabla ya siku hiyo. Ndiyo maana orodha inaweza kukaa kimya mwezi mzima wa Machi, kisha ikasogea ndani ya siku chache. Saa kumi na moja jioni ya New York mwezi wa Aprili ni saa tano usiku kwetu, na idara iliyopata nafasi ghafla inaweza kukupa muda mfupi sana wa kujibu. Siku hizo hakikisha simu ina chaji na vocha ya intaneti hata kama umeme umekatika mtaani kwenu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba orodha hiyo mara nyingi si foleni. Akijitoa mtu aliyekuwa afanye utafiti wa jiokemia, idara inaweza kumtafuta mwanajiokemia mwingine, hata kama kuna mwombaji wa fani nyingine mwenye alama za juu zaidi. Kwa hiyo usijipime kwa namba tu. Mwandikie mratibu wa masomo barua moja fupi yenye heshima, umwulize kama orodha imepangwa kwa namba au kwa fani, kama miaka iliyopita kuna waliochukuliwa kutoka humo, kama atakayechukuliwa sasa atapata fedha sawa na za walioalikwa kwanza, na ni lini orodha itafungwa rasmi. Swali la fedha ndilo zito kuliko yote, maana nafasi ya uzamivu isiyo na posho si ile uliyoiomba. Kama una jambo jipya, kwa mfano umetetea memwari yako (tasnifu ya kumaliza masomo), makala yako imekubaliwa na jarida, au umepata alama bora katika mtihani wa Kiingereza, liseme katika barua hiyohiyo. Kwetu tumezoea kwamba faili likichelewa hufuatwa ofisi hadi ofisi, mpaka mkuu aone uso wako kila asubuhi na atie sahihi. Huko desturi hiyo hukuharibia. Barua ya pili iandike tu ikiwa kuna habari mpya ya kweli.

Sasa tuje kwenye uzamili, ambao ndio unaohitaji kufikiriwa sana. Jibu linategemea kwanza diploma uliyo nayo. Waliosoma katika mfumo wa zamani walifanya miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence, jumla mitano. Ninyi wa mfumo wa LMD mna licence ya miaka mitatu, halafu uzamili wa miaka miwili, halafu uzamivu. Marekani, mtu anaweza kuingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, lakini shahada yao ya kwanza kwa kawaida ni ya miaka minne, na vipo vyuo vinavyositasita mbele ya ile ya miaka mitatu. Ubelgiji na Ufaransa, uzamivu kwa kawaida hutanguliwa na uzamili, na hata hapa nyumbani LMD inapanga ngazi hivyohivyo. Kwa hiyo mwenye licence ya miaka mitatu asiuone uzamili kuwa ni kushushwa daraja, kwani ni ngazi ambayo angeihitaji karibu popote. Mwenye licence ya zamani ya miaka mitano yuko katika hali tofauti: diploma yake huchunguzwa chuo kwa chuo, na aulize kwa maandishi inapewa thamani gani kabla ya kukubali kurudia miaka miwili.

Halafu chukua faili lako ulisome kama vile ni la mtu mwingine, utafute kilichowafanya wasite. Huenda ni alama. Katika mfumo wetu wa zamani asilimia 70 ilikuwa tayari ni distinction, yaani ufaulu wa juu, na msomaji wa mbali anayeona 68 anaweza kudhani wewe ni mwanafunzi dhaifu. Hilo haliponywi na uzamili, linaponywa na barua ya kitivo inayoeleza vipimo vyetu. Huenda ni barua za mapendekezo zinazosema tu kwamba una nidhamu na bidii, bila kueleza ulichokifanya kwenye maabara au uwandani. Huenda ni hisabati, au Kiingereza, kwa kuwa tumesoma kila kitu kwa Kifaransa. Uzamili wenye tasnifu ya utafiti, chini ya msimamizi anayekuona ukifanya kazi kila wiki, huponya upungufu wa barua na wa uzoefu kwa pamoja. Uzamili wa masomo ya darasani peke yake, tena katika mambo uliyokwisha kuyasoma Kasapa, kwenye kampasi ya chuo kikuu chetu, hauongezi mengi, hata jina la chuo likiwa kubwa namna gani.

Kuhusu fedha nitasema wazi. Uzamili wa Marekani mara nyingi mwanafunzi hujilipia, na ili chuo kimpe fomu ya I-20, ambayo bila hiyo haombi viza ya mwanafunzi, ni lazima aonyeshe fedha za mwaka wa kwanza. Wapo wazazi walio tayari kuuza kiwanja cha Ruashi au cha Katuba ili mtoto aende. Ninawasihi msiwaruhusu. Fedha hizo zitaonekana benki kwa mwaka mmoja, na mwaka wa pili hamtakuwa na kiwanja wala ada, na mtu huweza kurudi na deni bila shahada. Bora mara nyingi uzamili uliolipiwa, hata kama ni wa karibu. Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, hutoa euro 1,400 kwa mwezi kwa muda wa hadi miezi 24, bila ada. Mashirika ya ARES na VLIR-UOS ya Ubelgiji hufadhili wanafunzi kutoka nchi yetu. Chuo Kikuu cha Umoja wa Afrika (Pan African University) kina taasisi Juja, karibu na Nairobi, na nyingine Yaoundé. Dada mmoja niliyemfuatilia, aliyesoma biolojia, aliacha uzamili wa kujilipia akaenda Juja kusomea biolojia ya molekyuli kwa ufadhili. Alipoomba uzamivu tena, barua yenye nguvu katika faili lake ilikuwa ya msimamizi wake wa huko, aliyeweza kueleza jaribio kwa jaribio alichokifanya.

Tatizo ni kalenda. Maombi mengi ya Erasmus Mundus hufungwa kati ya Oktoba na Februari, yaani kabla hata hujajua kama utawekwa kwenye orodha ya kusubiri. Basi anayeomba uzamivu aombe na uzamili wenye ufadhili katika msimu uleule, kwa nakala zilezile za alama na kwa mtihani uleule wa Kiingereza, ambao matokeo yake kwa kawaida hutumika kwa miaka miwili.

Ikiwa idara iliyokuweka kwenye orodha ndiyo inayokupa uzamili, uliza kama masomo yake yatahesabiwa katika uzamivu, na kama utalazimika kuomba upya. Jibu litoke kwa idara na liwe la maandishi, lisiwe neno la mwanafunzi uliyekutana naye kwenye WhatsApp. Na kama umekubali ufadhili wa uzamili huku ukingoja, soma masharti ya kujitoa kabla ya kutia sahihi. Orodha ikifunguka, waarifu siku hiyohiyo, kwa sababu wao pia wana orodha ya akiba, na kuna kijana mwingine, pengine wa Bukavu au wa Kisangani, anayengoja nafasi yako.

Kaa na wazazi mapema, uwaeleze kwamba hujakataliwa wala hujapokewa, na mkubaliane tarehe, mathalani mwisho wa Aprili, ambayo ikipita bila habari utachukua njia ya pili. Orodha ikifungwa bila jina lako kuitwa, mwandikie mratibu kumshukuru na kumwuliza faili lilipungukiwa na nini. Si wote wanaojibu, lakini anayejibu hukuokolea mwaka mzima, na idara iliyokupenda kiasi cha kukuweka kwenye orodha ni ya kwanza kuombwa tena Desemba.