Kabla ya Kupiga Dawa, Hesabu

Msomaji mmoja wa kule Bahati, Nakuru, ameniandikia wiki hii: majani machanga ya michungwa yake yamejaa vipele, apige dawa gani? Ndugu yangu, kwanza niambie ni miti mingapi, na iko upande gani wa shamba.

Mimi ni mkulima wa machungwa hapa Subukia, na mavuno ya msimu huu yamenipa raha. Lakini niliyapata kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilimlipa mtu aliyejiita mtaalamu. Alitazama miti michache karibu na lango, akasema shamba ni safi, akachukua nauli yake akaenda. Kumbe mistari ya kule chini, kando ya ua wa jirani, ilikuwa imevamiwa. Miti ile ilibidi ing'olewe. Nikipita pale hadi leo roho inaniuma.

Vipele hivyo huletwa na kidudu kiitwacho Trioza erytreae, kinachopenda baridi ya nyanda zetu za juu. Watoto wake hukaa chini ya jani ndani ya vishimo, ndiyo maana juu unaona uvimbe. Mwenye shamba kwenye joto asijione salama: mwaka 2016 watafiti walimpata nchini Kenya ndugu yake wa Asia, Diaphorina citri, anayestahimili joto. Wote wawili hueneza bakteria wanaofanya machungwa yawe madogo, yaliyopinda na machungu, na mti ukishaugua hauponi.

Wadudu hawa hawajisambazi sawasawa shambani. Hukaa kwa makundi, mara nyingi kwenye miti ya pembeni. Tuseme umekagua miti kumi: minane haina kitu, mmoja una wadudu 12, mwingine 18. Wastani ni 3 kwa mti, lakini hakuna hata mti mmoja wenye wadudu 3! Ukipiga hesabu ya mtawanyiko, yaani varianzi, unapata 42. Varianzi ikiupita wastani kwa mbali hivyo, wadudu wamejikusanya, na anayekagua miti ya langoni pekee anabahatisha.

Kwa hiyo, hesabu. Tembea kwa kukata kona shamba zima, pembeni na katikati. Kagua miti mingi, machipukizi machache kwa kila mti, kuliko kumaliza asubuhi nzima kwenye mti mmoja. Fanya hivyo hasa mvua inapoleta majani mapya, maana mayai hutagwa hapo. Andika kila mti, hata wenye sifuri. Sifuri nazo ni hesabu.

Vijana wenzangu mnaotaka kilimo kiwalipe, acheni kukimbilia agroveti na picha ya jani moja kwenye simu. Nendeni na daftari lenye ramani ya mistari yenu. Mkishapiga dawa, rudini kwenye miti ileile mhesabu tena.