Kuunganisha msimbo wa hitilafu za kurasa: anza na hesabu

Mdogo wangu wa Kisumu, umeuliza kama uunganishe kwa mkupuo msimbo wa hitilafu za kurasa (page faults: programu inapogusa ukurasa wa kumbukumbu ambao hauko tayari) uliourudia kwa aina tatu za prosesa: x86, ARM64 na RISC-V. Usifanye hivyo. Anwani ya kumbukumbu iliyoleta hitilafu, x86 huisoma kwenye rejista (hifadhi ndogo ndani ya prosesa) iitwayo CR2, ARM64 kwenye FAR_EL1. Sehemu hiyo iachie kila prosesa.

Anza na hesabu ya hitilafu. Linux iliihamishia ndani ya handle_mm_fault(), fanksheni inayotumiwa na prosesa zote, katika toleo 5.9, mwaka 2020. Awali kila prosesa ilikuwa na desturi yake hitilafu inapojaribiwa upya. Tangu hapo huhesabiwa mara moja, ikikamilika. Sheria hiyo iandike kwanza, tafadhali. Kisha badilisha prosesa moja kwa kila kiraka (patch), ukijaribu kwa QEMU, programu inayoiga prosesa. Bodi ya RISC-V usinunue bado.