Tofauti ni Pigo Moja kwa Siku Tatu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Mchezaji mkubwa na mchezaji wa kawaida utawatofautisha vipi? Je, macho yanatosha?" Najua majibu ya Gor na Ingwe, na ya Messi na Ronaldo, mmeshayapata hadi yakawachosha. Mimi nauza kofia za mtumba Gikomba, kwa hiyo jibu langu linatoka kwenye mchezo ambao kila makanga wa Nairobi anao kichwani, ingawa sijakutana na hata mmoja aliyewahi kuutazama. Nao ni besiboli.

Miaka ya kwanza niliziuza kofia hizo kama ndizi. Yenye N na Y zilizosukana ilikuwa ikitoka kuliko zote, na mimi sikujua timu wala mchezo. Siku moja kijana wa matatu za Buruburu akainua moja akaniuliza, "Mathe, hii A ni ya nani?" Nikaona haya. Usiku ule nikachukua simu ya mwanangu nikatafuta. A ilikuwa ya timu ya Atlanta. Nyuma ya Atlanta nikamkuta mpigaji anaitwa Hank Aaron, na nyuma ya Aaron jedwali la tarakimu refu kuliko daftari langu la madeni. Sijatoka humo hadi leo. Mechi zenyewe sizioni, maana ya saa moja jioni New York huanza hapa saa nane usiku. Nasoma matokeo asubuhi kabla ya kufungua kibanda.

Kwa asiyeujua mchezo, ni raunda zile tulizocheza shuleni, ila wanaume wazima wanalipwa mamilioni kuzicheza. Mmoja anarusha mpira, mwingine anasubiri na gongo. Akiupiga na kufika kituo salama, anaandikiwa pigo. Mapigo ukiyagawanya kwa mara alizojaribu unapata wastani wake. Mmoja wa walioufanya mchezo huu uwe wa kuandikwa hivyo alikuwa Henry Chadwick, mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akiripoti kriketi. Ndiyo sababu Wahindi wa Ngara wanaonunua kwangu huielewa besiboli upesi kuliko watu wa kandanda.

Sasa nije kwenye swali. Tony Gwynn alichezea San Diego misimu 20 na wastani wake ulikuwa 0.338. Mpigaji wa kawaida wa ligi ile, chukua 0.260. Katika kila majaribio mia, Gwynn anapata mapigo 34 na yule wa kawaida 26. Tofauti ni manane. Mchezaji husimama kupiga kama mara nne kwa mechi, kwa hiyo majaribio mia ni mechi 25. Manane kwa mechi 25 ni pigo moja kila siku ya tatu. Ukienda uwanjani Jumamosi moja, ukala njugu zako, ukarudi nyumbani, uwezekano ni mkubwa kwamba hukuona tofauti yoyote kati ya mtu aliyeingia Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli na mtu ambaye hata majirani zake wamemsahau. Huenda yule wa kawaida ndiye aliyekupendeza zaidi siku hiyo.

Kisha yupo Mario Mendoza wa Mexico. Wastani wake wa maisha ulikuwa 0.215, na jina lake likageuka utani, maana mpigaji akikaribia 0.200 huambiwa yuko kwenye mstari wa Mendoza. Hata hivyo, kati ya Gwynn na Mendoza kuna pigo moja tu kila mechi mbili. Na Mendoza alidumu misimu tisa, kwa sababu alijua kudaka na kutupa. Mimi simcheki. Timu za ligi kuu ni 30, kila moja na wachezaji 26, jumla 780 kwa dunia nzima. Huyo tunayemwita wa kawaida amewashinda wote waliobaki nje ya mlango.

Jirani yangu wa kibanda, Baba Shiro, anauza jaketi na hakubaliani nami. Yeye anasema macho hayadanganyi. Nikamkumbusha habari ya Nairobi Gymkhana, uwanja wa kriketi. Tarehe 4 Oktoba 1996 kijana wa Pakistani, Shahid Afridi, alifikisha mikimbio mia dhidi ya Sri Lanka kwa mipira 37, hapa hapa mjini kwetu. Marehemu mjomba wangu alikuwa akiuza njugu nje ya uwanja, na hadi anakufa alisimulia jinsi mipira ilivyokuwa ikiruka juu ya vichwa. Rekodi ile ya mia ya haraka kuliko zote katika mechi za siku moja ilikaa zaidi ya miaka 17. Mtu aliyeona siku hiyo pekee angeapa kwamba amemwona mpigaji mkubwa kuliko wote. Lakini Afridi alimaliza mechi zake 398 za siku moja na wastani wa mikimbio 23.57 kwa kila mara aliyotolewa, wa kawaida kabisa kwa mpigaji. Simvunjii heshima, alikuwa pia mrushaji wa wiketi 395, yaani aliwatoa wapigaji mara 395, na hilo ndilo lililomweka kikosini. Wa Gymkhana alikuwa yeye kweli, lakini mwaka mzima hakuwa yule wa Gymkhana.

Baba Shiro anapaswa kulielewa hili kuliko mtu yeyote. Akikata kamba za belo la mtumba, jaketi la juu huwa kamera, yaani zuri kuliko yote, limepangwa hapo makusudi. Bei ya belo huijui mpaka umefika chini kwenye fagia, yale mabaki mabovu, na kuhesabu.

Mwaka 1961 Roger Maris wa New York alipeleka mpira nje ya uwanja mara 61, pigo wanaloliita homurani. Aliivunja rekodi ya 60 ya Babe Ruth iliyokaa tangu 1927. Mara mbili mfululizo, 1960 na 1961, alitajwa mchezaji bora wa ligi yake. Hank Aaron hakuwahi kufika 50 kwa msimu, hata mara moja. Msimu wake wa juu kabisa ulikuwa 47. Ukiuliza nani alikuwa na mwaka mkubwa, ni Maris bila ubishi. Funga daftari sasa, piga jumla. Maris, misimu 12, homurani 275, wastani 0.260. Aaron, misimu 23, homurani 755. Halafu fanya jambo ninalolipenda mimi: mnyang'anye Aaron homurani zake zote, uzifute kama hazikuwahi kutokea. Bado anabaki na mapigo 3,016, na mapigo 3,000 peke yake huhesabiwa kama tikiti ya Ukumbi wa Mashujaa. Maris hajaingia humo.

Mtu atasema nyakati zinatofautiana, na ana haki. Mwaka 1968 warushaji walikuwa wakali hata Carl Yastrzemski akaongoza ligi yake kwa 0.301 tu, na mwaka uliofuata kilima anachosimama mrushaji kikashushwa kutoka inchi 15 hadi 10. Kulinganisha tarakimu tupu za vizazi viwili ni kama kulinganisha shilingi mia ya zamani na mia ya leo. Ndiyo maana wenye hesabu zao walitunga kipimo kinachojumlisha uwezo wa kufika vituoni na nguvu ya mapigo, kikarekebishwa kwa kila uwanja na kila mwaka, kisha mpigaji wa kawaida wa wakati huo akapewa 100. Kwa kipimo hicho Maris ana 127 kwa maisha yake yote ya uchezaji. Aaron ana 155. Babe Ruth ana 206, na hapo mimi hunyamaza. (Katika kriketi anayenyamazisha watu hivyo ni Don Bradman, kwa wastani wa mikimbio 99.94, wakati wakubwa wenzake wengi wako kwenye hamsini na kitu.)

Kuna tarakimu zinazoonekana za aibu, kumbe ni za sifa. Mrushaji aliyeshinda mechi nyingi kuliko wote ni Cy Young, 511. Aliyeshindwa nyingi kuliko wote ni Cy Young huyo huyo, zaidi ya 310. Reggie Jackson alikosa mpira na kutolewa mara 2,597, hakuna aliyemfikia, naye yumo Ukumbini na homurani zake 563. Mchezaji wa kawaida hapewi nafasi ya kushindwa mara 300. Atakuwa amerudishwa nyumbani akiwa kwenye ya thelathini.

Haya yote yanategemea daftari liwepo. Barry Bonds ana homurani 762, saba kumpita Aaron, lakini madai ya dawa za kuongeza nguvu yamemweka nje ya Ukumbi, na mimi kofia yake naiuza bila kuisifu. Linaloniuma zaidi ni la Josh Gibson. Alikuwa mweusi, na weusi walifungiwa nje ya ligi kuu, wakacheza ligi zao wenyewe, mechi nyingine zikiandikwa na nyingine zikipotea. Alikufa Januari 1947 akiwa na miaka 35. Aprili mwaka huo huo Jackie Robinson, mweusi mwenzake, akaingia ligi kuu. Mwaka 2024 ndipo takwimu za ligi zile zilipounganishwa rasmi na za ligi kuu, na Gibson, kwa 0.372, akampita Ty Cobb aliyekuwa juu, akawa wa kwanza kwa wastani wa maisha. Wapo waliolalamika kwamba mechi zake zilizopatikana ni chache. Ni chache kweli. Zilizopotea alizicheza pia.

Naliongea hili nikiwa na sababu. Soko letu linapoungua, haliungui nguo peke yake. Moto mmoja uliondoka na daftari langu la miaka sita ya mwanzo, ile miaka niliyosomesha watoto kwa kofia, na nilipokwenda kuomba mkopo nikaambiwa biashara yangu ina miezi minne. Daftari nililonunua baada ya hapo nililianza ukurasa wa saba. Baba Shiro akaniuliza mbona napoteza karatasi, nikamwambia hizo sita zina watu.

Mama Kofia, Gikomba