Maswali yenu: mbuga gani kwanza, maji ya Usa River, na watoto wasioongea Kiswahili

Wiki hii wengi walioandika ni familia zilizohamia Arusha na Moshi, wengine wamefuata kazi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wengine wameolewa nje wamerudi na waume na watoto. Yale ya "usalama huko ukoje" nimeyaruka, jirani yako angekujibu vizuri kuliko mimi kama ungekuwa umeshamgongea geti.

Tumehama Nairobi mwezi uliopita, tuko Njiro, watoto wana miaka 4 na 7. Tuanze Serengeti au Ngorongoro? – Mama wa wawili

Zote ziache kwanza. Serengeti kutoka hapa ni siku nzima kwenye gari, huyo wa miaka minne atatapika Mto wa Mbu, Karatu amelala, akiamka anauliza tumefika, na simba akitokea yeye kanuna haangalii. Nenda Hifadhi ya Arusha, iko hapo nyuma ya Usa River, kwa gari ni saa moja hivi. Ukipita geti tu kuna uwanda wanauita Serengeti Ndogo, twiga na pundamilia wako hapo, msituni kuna mbega, Momella kuna maziwa ya flamingo, na wakubwa mnaweza kutembea kwa miguu mkiwa na askari mwenye silaha. Jioni mnalala kwenu. Chini ya miaka mitano halipi, na nyie wa Afrika Mashariki mnalipa kwa shilingi, ila beba vitambulisho vya wote pamoja na vyeti vya watoto, msije mkahesabiwa dola kwa uzembe.

Arusha kuna baridi? Nije na masweta? – Msomaji, Mombasa

Juni na Julai baridi ipo, njoo na masweta. Hili nimeshalijibu mara nne, mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, someni na ya nyuma jamani.

Tumepanga Usa River, maji ni ya kisima cha mwenye nyumba, meupe kabisa, hayana harufu. Nayachemsha dakika kumi ndo namtengenezea mwanangu maziwa na uji. Inatosha? – Baba mgeni

Haitoshi, na hapa naomba msome wote. Kuchemsha kunaua vijidudu. Shida ya maji ya ukanda huu wa Meru ni floraidi, inatoka kwenye miamba ya volkano, haionekani wala hainuki, na ukichemsha kinachoondoka ni mvuke, floraidi inabaki kwenye sufuria, yani maji yakipungua ndo inazidi kukolea. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na Arumeru kuna visima vinapita hapo mara kadhaa.

Mimi nimekulia kijiji cha Maji ya Chai, huko huko Arumeru. Meno yangu ya mbele yana michirizi ya kahawia na vishimo, ukipitisha ulimi unavisikia, hayatakati kwa mswaki wala dawa yoyote. Nilipoenda bodingi mkoa mwingine wenzangu waliniuliza kama huwa napiga mswaki, nikazoea kucheka nimeziba mdomo, na hiyo tabia ninayo mpaka leo. Floraidi inaingia mtoto akiwa mdogo, meno ya ukubwani yanapojitengeneza ndani ya fizi, mpaka kwenye miaka minane hivi. Ikizidi sana inakwenda kwenye mifupa, miguu inapinda, waliokaa Arumeru wameshawaona watu hao.

Kwa hiyo peleka maji yakapimwe, na mwenye nyumba akikwambia "sisi tunakunywa toka zamani" usiridhike. Chujio la kawaida la mishumaa halitoi floraidi, linaloitoa ni la mkaa wa mifupa au zile mashine za RO, zinazosukuma maji kwa nguvu yapite kwenye chujio laini sana. Maji ya mvua ni mazuri, funga mabomba ya kukingia kwenye bati uweke tenki. Kuoga na kufua endelea na kisima, la kuangalia ni la kunywa na kupikia, na huyo mdogo leo leo mtafutie maji mengine. Alafu hujauliza ila nakwambia: magadi. Dada akitia magadi kwenye maharage au makande yaive haraka mwombe aache, na yenyewe yana floraidi.

Tunataka kuwapeleka watoto wetu kituo cha yatima Jumamosi moja wakatoe zawadi, wajifunze kushukuru. – Familia, Shanty Town

Msiwapeleke. Mtoto aliyefiwa na mama asifanywe somo la mtoto wako. Wageni wanakuja, wanawabeba, wanapiga nao picha, saa kumi wameondoka, Jumamosi inayofuata wengine, na hao watoto wanajifunza kumkimbilia kila anayeshuka kwenye gari. Alafu wengi mnaowaita yatima wana bibi au shangazi kijijini, na kituo kinacholishwa na wageni hakina haraka ya kuwarudisha kwao. Mkiwa na hela ongeeni na ustawi wa jamii, muisaidie familia moja ada na matibabu kimya kimya, na watoto wenu waachieni wacheze na watoto wa mtaani kwenu.

Mwanangu ana pasipoti mbili, ya Tanzania na ya baba yake, kuna shida? – Mama, Sakina

Mpaka afike miaka 18 hakuna, hapo inabidi achague, sheria yetu hairuhusu mtu mzima uraia wa nchi mbili. Nenda Uhamiaji mwenyewe, achana na vishoka.

Nimerudi Moshi na mume wangu Mholanzi, mwaka wa pili huu. Watoto wana miaka 6 na 9, Kiswahili wanaelewa kidogo ila hawataki kuongea. Niwatafutie tyusheni? – Mama, Rau

Tyusheni ya Kiswahili, Moshi? Hapana dada yangu. Shule wanaongea Kiingereza, mezani Kiingereza, dada wa kazi nina hakika umemwambia aongee nao Kiingereza na anachokijua ni maneno matatu, gari linawachukua getini linawashusha getini, sa hicho Kiswahili wakipate wapi? Baba yao aongee nao Kiholanzi chake, wewe ongea Kiswahili, wakikujibu Kiingereza endelea tu na Kiswahili bila kukasirika.

Alafu huyo wa miaka tisa mpe elfu mbili aende duka la Mangi akanunue nyanya fungu moja na kiberiti, peke yake. Mpwa wangu alivyokuja kutoka Ujerumani nilimfanyia hivyo hivyo. Siku ya kwanza alisimama pale kwenye nondo za dirisha, noti kaikunja kwenye ngumi, watu wanakuja wananunua wanamwacha, akarudi mikono mitupu analia, na mama yake akaninunia siku nzima. Siku ya tatu Mangi akamwambia "we mtoto, shikamoo iko wapi?" akaitoa kwa sauti ya chini, akapewa na pipi juu. Mwezi haujaisha anadai chenji yake.

Na Desemba wapeleke kwa bibi yao mlimani wiki tatu wakalale huko huko, wakale kiburu cha ndizi na maharage, wakabebe majani ya ng'ombe. Hayo mambo ya kulala hoteli na kwenda kumsalimia bibi mchana acheni.

Wakwe zangu wazee wanakuja wiki moja kutoka Poland, hela ya mbuga hatuna. Niwapeleke wapi? – Mke wa mtu, Ngaramtoni

Wapeleke Tengeru. Jumamosi asubuhi mpite sokoni kabla jua halijawa kali, mnunue ndizi na maparachichi, alafu ulizia makaburi ya Wapolandi, utaelekezwa. Wakati wa vita vya pili Wapolandi karibu elfu tano, wengi kina mama na watoto, waliishi kambini hapo, walianza kufika 1942 baada ya kuhamishiwa Siberia na kupitia Uajemi. Waliofia hapa wamezikwa hapo, majina yao yameandikwa na wakwe zako watayasoma wenyewe. Beba maua, beba na maji ya kunywa, na usiwaharakishe. Wakishatosheka, ziwa Duluti liko karibu, mkakae kivulini mle hayo maparachichi.