Spoki za waya zinabebaje gurudumu lenye kimo cha mita 135?

Swali: Nina karakana ya kuchomelea vyuma hapa Jinja. Kwenye picha za London Eye, lile gurudumu kubwa la kutazamia jijini London, spoki ni nyembamba kama waya wa winchi. Zinabebaje vibanda 32? Nikiunda gurudumu la mita 12 la uwanja wa burudani, nifanye vivyo hivyo?

Jibu: Fundi, hizo ni kebo 64, na kebo hujua kuvuta tu, ukiisukuma inajikunja. Kwa hiyo zote hukazwa mapema, kama unavyokaza spoki za baiskeli hadi zilie ukizigonga.

Ila usiufuate mfano wa baiskeli hadi mwisho. Baiskeli imekanyaga barabara: ardhi inasukuma rimu juu, spoki za chini zinalegea. Gurudumu la kutazamia haligusi chini, limening'inia kwenye habu (kitovu chake), hivyo spoki za chini ndizo zinazovutwa zaidi na za juu zinapungua mkazo. Kebo iliyo juu kabisa lazima ibaki imekaza hata upepo ukivuma, la sivyo rimu inayumba upande. Na kila kebo hupitia juu na chini kila baada ya dakika 30 hivi, kutwa nzima. Kinachoiua ni uchovu wa chuma, yaani kudhoofika kwa kukazwa na kulegezwa mara nyingi, hasa pale ncha inapofungwa. Kuna pia kebo 16 zilizofungwa kwa mshazari, maana tairi za kuendeshea husukuma rimu, na habu lazima ifuate.

Kwa mita 12, tumia mabomba yaliyoungwa kwa pembetatu. Bomba huvuta na kusukuma, wala halihitaji jeki ya kupima mkazo. Na popote penye kebo, weka moto mbali: waya wake hupata nguvu kwa kuvutwa ukiwa baridi, joto la kuchomelea huiondoa.

Kinachopaswa kukuumiza kichwa ni breki. Chukua vibanda 8, kila kimoja watu wanne, kilo 280, na mwendeshaji amejaza upande mmoja tu. Vibanda vitatu vya upande huo vina mikono (umbali wa mlalo kutoka ekseli) ya mita 6, 4.24 na 4.24. Hiyo ni nguvu ya kuzungusha ya karibu kilonyutoni-mita 40 kwenye ekseli, kabla hujahesabu upepo. Weka breki mbili za springi zinazojifunga umeme ukikatika, kila moja iweze kushika peke yake, pamoja na mpini wa kuzungusha kwa mkono ili watu washuke kibanda kimoja kimoja, kibanda kizito kikitangulia.