Miaka 13 pamoja, na bado nabaki kwenye benchi

*Shikamoo Mama. Nina miaka 34 na watoto wawili. Nimeishi na baba yao miaka 13. Alileta barua ya posa, akatoa nusu ya mahari, nikahamia kwake. Ndoa ya kanisani hatukufunga. Sote ni Walutheri, ila yeye siku hizi kanisani ni Krismasi na Pasaka tu. Nikigusia ndoa anasema tusubiri tupate milioni 12 za harusi ya maana, hataki watu wamcheke. Siku ya Chakula cha Bwana wenzangu wakiinuka kwenda mbele, mimi nabaki kwenye benchi, maana kanisa linataka tufunge ndoa kwanza. Binti yetu wa miaka 12, anayeanza mafundisho ya kipaimara, ameniuliza: "Mama, mbona wewe huendi?" Kikundi changu cha maombi kinasema nitoke kwa huyu mwanamume mpaka anioe, la sivyo Mungu hasikii maombi yangu. Wamenisomea Yohana 4. Nifanye nini? Mama Wawili, Arusha.*

Marahaba, mwanangu. Kwanza, usifungashe nguo.

Waliokusomea Yohana 4 walikusomea mstari wa 18, pale Yesu anapomwambia mwanamke Msamaria kwamba aliye naye sasa si mumewe, wakafunga kitabu. Irudie sura hiyo tangu mwanzo, polepole. Yesu anamwomba maji mstari wa 7. Anamtajia maji yaliyo hai mstari wa 10, anayaeleza tena wa 14. Habari ya mume inakuja mstari wa 16, ahadi ikiwa imeshatolewa. Hakumwambia arudi akitengeneza nyumba yake kwanza ndipo waongee. Wala hakumficha ukweli. Shika yote mawili.

Kuhusu maombi kutosikika, msome Hana katika 1 Samweli 1. Nyumba yake ilikuwa na wake wawili na machozi kila mwaka, na kuhani mwenyewe alimdhania amelewa. Mungu alimsikia. Halafu soma Luka 18:13. Mtoza ushuru alisimama mbali, hata macho hakuinua, akasema, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Yesu anasema huyo ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, mwanangu, kama wewe.

Sasa upande wa pili, maana sitaki ukae na faraja nusu. Kanisa halikuonei linapokutaka ufunge ndoa. Malaki 2:14 inamwita mke "mke wa agano lako" na kusema Bwana ni shahidi. Agano hutamkwa, na husikiwa na watu. Boazi alipotaka kumwoa Ruthu alikwenda langoni pa mji, akaketisha wazee 10, akasema neno lake mbele yao, nao wakajibu kwamba wao ni mashahidi (Ruthu 4). Kwenu barua ilikuja, mahari ikaanza, watoto wakazaliwa, lakini neno lile mbele ya mashahidi halijatamkwa. Ndilo linalokosekana, na milioni 12 haimo. Ukumbi, keki, sare za kamati na kadi za mchango havimo langoni pa Bethlehemu, mji wa Boazi. Nimeona barua nyingi za namna hii, na mara nyingi kinachozuia ndoa ni sherehe. Watu wanaogopa aibu ya siku moja, wanabeba nyingine miaka 13.

Mumeo humjui bado kwenye jambo hili, kwa jinsi ninavyosoma. "Hela hakuna" ni jibu ambalo wanaume wengi hulisema likiwa na jingine chini yake. Huenda anaona haya kwa baba yako kwa sababu ya ile nusu ya mahari. Huenda anaogopa maswali ya mchungaji. Huenda yuko mtu au mtoto wa zamani ambaye hajakutajia. Unahitaji kujua ni lipi, na hutalijua ukimwanza Jumapili mchana umetoka ibadani na moto wa mahubiri.

Fanya hivi. Kitabu cha Ruthu kina sura 4. Mwombe msome pamoja usiku, watoto wakishalala, sura moja kwa usiku mmoja, yeye asome kwa sauti kama atakubali. Usihubiri, usimwekee maana yoyote. Usiku wa nne, baada ya wazee langoni, muulize swali moja tu: "Baba nanihii, ukiacha hela, ni kitu gani kingine kinakuzuia?" Kisha nyamaza. Hapa ndipo wanawake wengi huharibu, kimya kikizidi wanajijibu wenyewe na yeye anaitikia lolote ili alale. Akikaa kimya dakika tano, kaa naye. Akisema "nitafikiri", mpangie siku ya kurudi kwenye mazungumzo, kama wiki moja hivi.

Likiwa ni mahari, lina njia. Yakobo, aliyelipia wake zake kwa kumtumikia baba yao Labani, alipewa Raheli wiki ya harusi ya dada yake Lea ilipokwisha, kisha akatumikia miaka 7 mingine (Mwanzo 29:27-30), yaani alimchukua akiwa bado anadaiwa. Na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haiifanyi ndoa kuwa batili kwa sababu taratibu za mahari hazikukamilika. Lakini baba yako ni mzazi, mpe heshima yake. Usiende wewe kumwombea mumeo, utaonekana umetumwa au umechoka. Aende mshenga aliyeleta barua mwanzoni, au mkubwa wa upande wao kama hayupo, apeleke chochote kilichopo na aombe mambo mawili: ruhusa ya ndoa kubarikiwa, na muda wa kumalizia kilichobaki. Wazee wengi hukubali, wakitaka tu waombwe. Waandikishiane, pande zote mbili zitie sahihi.

Likiwa ni aibu ya harusi ndogo, mwekee hesabu mezani, kama Luka 14:28 inavyosema kuhusu mtu anayetaka kujenga mnara. Pete 2 za fedha zisizo na mapambo. Gauni lako zuri ulilonalo, suti au shati lake safi. Watu 20 nyumbani baada ya ibada: kilo 3 za mchele, kilo 3 za nyama, kreti 2 za soda, chai na maandazi kwa watakaopita jioni. Andika bei za soko lako mbele ya kila kitu, ajumlishe mwenyewe. Muulize pia mchungaji kama usharika una siku ya kubariki ndoa kadhaa kwa pamoja. Sharika nyingi hufanya hivyo, na pale hakuna anayemcheka mwenzake.

Akikubali, anzeni kwa mzee wa kanisa wa mtaa wenu, kisha mchungaji, mkiwa wawili. Bebeni vyeti vya ubatizo na kipaimara, vitambulisho vya taifa, na picha ndogo. Kama mmoja aliwahi kufunga ndoa, cheti cha talaka au cha kifo. Linganisheni majina mapema: cheti cha ubatizo kikisema jina moja na kitambulisho kingine, siku ya kuandikisha mtakwama. Cheti chake kikiwa kimepotea, usharika aliobatizwa una kitabu, aende na mwaka wa ubatizo na majina ya wazazi. Sheria inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku 21 kabla, na kanisani hutangazwa Jumapili 3, kwa hiyo hesabuni angalau mwezi, pamoja na mafundisho. Matangazo hayo yapo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kama kuna jambo la zamani analolificha, litoke sebuleni kwenu kabla ya kutoka madhabahuni. Siku yenyewe mnahitaji mashahidi wasiopungua 2, na msiondoke bila kuhakikisha mmetia sahihi na majina yameandikwa sawasawa.

Je, akikataa kabisa? Hapo pia sikuambii utoke. Nenda peke yako kwa mchungaji, mweleze kwamba kikwazo hakitoki kwako, na muulize wazi utaratibu wa mtu mmoja kurudi kundini, yaani kuruhusiwa tena Chakula cha Bwana. Jibu la usharika wako ndilo utakalolifuata, usiende na jibu la kikundi. Ujue pia kwamba sheria hiyohiyo ya 1971, kifungu cha 160, inadhania kuna ndoa pale watu walipoishi pamoja miaka 2 au zaidi na jamii ikawajua kama mume na mke. Dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani, kwa hiyo usiitegemee kama cheti, ila ukiondoka leo kwa neno la kikundi, unaliweka hatarini jambo ambalo lingewalinda wewe na watoto. Hujasema anakupiga. Kama anakupiga, sahau mpangilio wangu wote, tafuta usalama kwanza na niandikie tena.

Binti yako bado anangoja jibu. Usimwambie "utajua ukikua". Mwambie: "Mimi na baba yako hatujafunga ndoa kanisani, na kanisa letu linataka tufunge kabla sijaenda mezani. Ninaliombea na tunalizungumza." Mtoto wa mafundisho ya kipaimara anaelewa. Kabla ya kumwambia hivyo, mwambie baba yake kwamba ameuliza, kwa maneno yaleyale aliyoyatumia.