Re: Nembo ya safari za jahazi, nifute picha?

Dada, umeuliza kama nembo yako ya safari za jahazi hapo Shela uifute jua, mnazi na jahazi, ubaki na jina tu kwa herufi nene "za kisasa". Usiharakishe.

Huo mtindo ulishika kasi tangu Google wabadilishe maandishi yao 2015. Burberry, kampuni ya nguo za fahari, nao 2018 wakamwondoa mpanda farasi kwenye nembo yao, na muda si mrefu nembo za maduka ya nguo za fahari zikawa hazitofautiani. 2023 wakamrudisha! Burger King mwaka 2021 na Pepsi 2023 pia wamerudia sura za zamani. Mastercard, wa kadi za malipo, waliondoa jina kwenye nembo 2019, lakini hao wanajulikana dunia nzima; sisi tukiondoa jina tutajulikana na nani?

Kwa hiyo punguza, usifute. Vitu vitatu ni vingi, chagua kimoja. Tanga la jahazi ni zuri, ila hapa Lamu kila mwenye mashua ana tanga kwenye fulana. Kama chombo chako kina nakshi kwenye tezi (sehemu ya nyuma), toa ua moja hapo, ulichore kwa mistari minene na rangi moja. Ile rangi inayofifia kutoka chungwa hadi zambarau achana nayo, fundi wa kudarizi kofia atakulaumu.

Kisha iweke kwenye duara la picha ya WhatsApp uitazame ukiwa umenyoosha mkono. Ikisomeka, mwambie mchoraji akupe faili la vekta (mchoro unaokuzwa bila kuharibika), maana JPG ukiikuza kwa bango itachakaa kingo.